Vitamini Tu, Nilimwambia Daktari

Mimi ni mhasibu. Kazi yangu, ukiondoa mbwembwe zote, ni kuhakikisha sifuri haziongezeki wala hazipungui. Mtu akiniletea vocha ya shilingi 50,000 palipotakiwa 5,000, naiona kabla hajavuta kiti. Nalisema hili mapema kwa sababu mwezi Machi mwaka jana nilishika mkononi kopo la vidonge lililoandikwa 50,000, nikalitia kwenye mkoba, nikampelekea mama yangu Tukuyu, na sikushtuka hata kidogo.

Mama ana miaka 73. Anaishi kule kule alikoolewa, nje kidogo ya mji, nyumba imezungukwa na migomba mpaka madirishani. Anayeijua wilaya yetu ya Rungwe anaijua mvua yake. Kwetu hakuna anayepoteza muda kusema mvua inanyesha. Habari ni siku ambayo haikunyesha. Mama hushinda jikoni karibu na moto, kanga mbili, sweta la sufu, kilemba, soksi. Ukimwondolea uso na viganja, jua halina pa kumgusa.

Mwishoni mwa mwaka juzi alianza kulalamika mapaja na nyonga. Kuinuka kwenye kigoda mpaka ashike ukuta. Ngazi za kanisani akazigeuza safari. Tukasema uzee. Mdogo wangu akasema ni ule mgongo wa kulima zamani. Nilipomleta Mbeya kupimwa, ikaonekana vitamini D kwenye damu yake ni nanogramu 14 kwa mililita. Madaktari wengi huhesabu 20 kuwa inatosha watu walio wengi, na chini ya 12 kuwa hatari kwa mifupa. Mama alikuwa katikati, upande wa chini. Daktari akaandika vidonge vya yuniti 50,000, kimoja kwa wiki, kwa wiki nane.

Vidonge vinane. Hapo ndipo akili yangu ya biashara ilipoingia mahali isipohitajika. Kwenye duka la dawa muuzaji akasema kopo zima la vidonge 60 linatoka nafuu zaidi kuliko kuhesabiwa kimoja kimoja, na mimi, mtoto wa mama muuza ndizi, nafuu huwa naisikia kwa masikio yote mawili. Nikachukua kopo. Akabandika kikaratasi, akaandika alivyozoea kuandika kwenye kila dawa: 1x1. Cheti cha daktari kikabaki kwenye mkoba wangu pamoja na risiti za mafuta ya gari. Kopo likaenda Tukuyu.

Mama hasomi maandishi madogo, ila 1x1 anaijua vizuri kutoka kwenye dawa zake za presha. Kimoja, mara moja kwa siku. Na mama si mtu wa kuruka dawa.

Katikati ya Mei kijana anayemsaidia akanipigia. Bibi hali chakula. Anatapika. Anakunywa maji ndoo kwa ndoo na usiku anatoka nje mara tano, mara sita. Choo kimefunga wiki nzima. Nilipofika, mama akanitazama, akaniita kwa jina la dada yake aliyefariki tangu 1998, akaniuliza kama nimeshawafungia ndama. Ndama hatuna tangu nikiwa darasa la tatu.

Hospitalini daktari alikuwa kijana mdogo. Alimwamkia mama shikamoo kabla ya kunyanyua faili, jambo lililonipa imani naye mara moja. Akaniuliza mama anatumia dawa gani. Nikamtajia za presha. Akauliza, na nyingine?

"Hakuna. Vitamini tu."

"Vitamini gani?"

Nikatoa kopo. Akalisoma, akalitikisa, akamimina vilivyobaki kiganjani. Vilikuwa sita.

"Ameanza lini?"

Nikahesabu nyuma, na nikiwa bado nahesabu nikaelewa. Hakunigombeza. Alisema tu, "Dada, hii ni dozi ya wiki," akaagiza damu ipimwe kalsiamu na figo. Kalsiamu ilikuwa juu sana. Figo zilikuwa zimeanza kulalamika. Mama akatundikiwa maji ya mshipani, maziwa yakasimamishwa, na moja ya dawa zake za presha, ile inayokojoza, ikasimamishwa pia kwa sababu baadhi ya dawa za aina hiyo huzuia kalsiamu isitoke kwenye mkojo. Siku ya nne akaniita jina langu. Nilitoka nje nikalia nyuma ya jengo la kufulia, pale ndugu wa wagonjwa wanapoanika nguo.

Usiku ule nilifanya hesabu niliyopaswa kuifanya Machi. Mtu wa umri wa mwaka 1 hadi 70 anahitaji yuniti 600 za vitamini D kwa siku, yaani mikrogramu 15. Akivuka 70, yuniti 800. Mtoto chini ya mwaka, 400. Kiwango cha juu ambacho mtu mzima hashauriwi kukivuka kila siku bila usimamizi wa daktari ni 4,000. Gawanya 50,000 kwa 800: kidonge kimoja kilikuwa na mgao wa mama wa siku 62 na nusu. Alimeza 54. Mama yangu alikula mgao wa miaka tisa ndani ya wiki nane, na karatasi ya kumwelekeza hivyo ilibandikwa mbele ya macho yangu.

Muuzaji alikosea, na simtetei. Lakini yeye aliandika herufi tatu, na mimi nilikuwa na cheti.

Kinachofanya vitamini hii iwe na visa ni kwamba haiondoki. Ukizidisha vitamini C, mkojo utaitoa kesho asubuhi. Vitamini D huyeyuka kwenye mafuta, na mwili huihifadhi kwenye mafuta yake, kisha huiachia polepole kwa wiki na miezi. Kazi yake kubwa ni kuusaidia utumbo kunyonya kalsiamu kutoka kwenye chakula. Ikizidi, kalsiamu hujaa kwenye damu: kiu, mkojo mwingi, kutapika, choo kufunga, akili kuvurugika, mawe kwenye figo, na mwisho figo zenyewe kushindwa. Kila kitu ambacho kijana wa mama alinitajia kwenye simu kilikuwa kwenye orodha hiyo. Nilikisikia nikadhani malaria.

Wenzetu Uingereza waliwahi kuyaona haya kwa watoto wachanga. Baada ya Vita Kuu ya Pili, maziwa ya unga na nafaka za watoto viliongezwa vitamini D kwa nia njema kabisa, kukinga matege. Mwanzoni mwa miaka ya 1950 wakaanza kupokea vichanga wenye kalsiamu iliyopanda, wanaotapika na kudhoofu, na lawama nyingi zikaelekezwa kwenye vitamini hiyo iliyozidi. Mwaka 1957 viwango vikapunguzwa. Nilisoma habari hiyo nikiwa nimekaa kwenye benchi la wodi na nilijisikia nina wenzangu, ingawa si wenzangu wa kujivunia.

Sasa swali lililonikaa kichwani muda wote ni moja: mwanamke aliyezaliwa na kuzeekea nyuzi tisa kusini mwa ikweta alikosaje kitu kinachogawiwa bure na jua?

Ngozi yetu ina kemikali ya jamii ya kolesteroli. Mionzi ya urujuanimno, ile ambayo jicho haliioni, ikiipiga kemikali hiyo, hugeuka vitamini D. Inasafiri hadi kwenye ini, inabadilishwa mara ya kwanza. Inakwenda kwenye figo, inabadilishwa mara ya pili, ndipo inaanza kazi. Mwaka 1919 pale Berlin daktari Kurt Huldschinsky aliwaweka watoto wenye matege chini ya taa ya mionzi hiyo. Akamwangazia mtoto mkono mmoja tu, na mifupa ya mkono wa pili, ambao haukuguswa na taa, nayo ikapona. Napenda sana kisa hiki. Kilichotengenezwa kwenye ngozi ya mkono mmoja kilikuwa kimeingia kwenye damu kikazunguka mwili mzima. Jina la vitamini D lilikuja miaka mitatu baadaye, 1922, kutoka kwa Elmer McCollum wa Marekani aliyekuwa akichunguza mafuta ya ini la samaki.

Na hapa hapa Tanzania upo utafiti ambao ningetamani kila mwalimu wa sayansi aubandike ukutani. Ulichapishwa 2012. Watafiti waliwapima damu Wamasai 35 na Wahadzabe 25 wanaoishi maisha yao ya asili, wakakuta wastani wa nanomoli 115 kwa lita, sawa na nanogramu 46 hivi kwa vile vipimo vya mama. Hawamezi kidonge. Wanashinda nje, nguo chache, na jua likiwa kali sana wanatafuta mti. Hapo hakuna siri ya kabila. Mhadzabe ukimvalisha sweta la mama yangu na kumweka jikoni kwake, naamini naye angefika kwenye 14.

Ngozi nyeusi ni kinga. Rangi yetu inapunguza mionzi inayopenya, ndiyo maana tunaungua kwa shida kuliko Wazungu, lakini kwa sababu hiyo hiyo inahitaji muda mrefu zaidi juani kutengeneza kiasi kile kile. Uzee unaongeza tatizo: ngozi ya mtu wa miaka 70 hutengeneza kidogo sana ukilinganisha na ya kijana. Ongeza mawingu ya Rungwe. Ongeza sufu. Mimi mwenyewe si mwema: natoka nyumbani Uyole kabla jua halijapasha, nakaa ofisini Mwanjelwa hadi saa 11 jioni, na kwa miaka nilijipa moyo kwamba meza yangu iko dirishani. Kioo kinapitisha joto na mwanga, kinapitisha hata mionzi inayozeesha ngozi, lakini ile inayotengeneza vitamini D inakizuia karibu yote. Kwa hiyo mikunjo naipata, vitamini siipati. Abiria wa Costa ya Mbeya–Tukuyu anayechagua kiti cha upande wa jua naye hali yake ndiyo hiyo.

Mama aliruhusiwa mwanzoni mwa Juni akaja kukaa kwangu. Masharti: maji mengi, maziwa na dagaa kwa kiasi kidogo, asimeze kidonge chochote kisichoandikwa na daktari, na jua kali aliepuke hadi vipimo vishuke. Mtu aliyekosa jua akapigwa marufuku jua. Aliposikia alicheka mpaka akakohoa.

Wakati huo huo wifi yangu alikuwa anakuja na mtoto wake wa miezi minne. Kama akina mama wengi wa huku alikuwa ameambiwa amwoteshe mtoto jua la asubuhi, kuanzia saa 1 hadi saa 3, apate vitamini D. Kila mtu anausema ushauri huo. Nimeusikia kliniki, kanisani, redioni, sokoni. Wifi alikuwa akiutekeleza kwa bidii: saa 2 asubuhi, Uyole, mwezi wa Juni, baridi ya kukata masikio, mtoto kavikwa kofia ya sufu, blanketi mbili, pua tu ndiyo inayoonekana, ameelekezwa mashariki kama bendera.

Mwezi Juni nilikuwa nimeshasoma vya kutosha kuwa na mashaka. Jua likiwa chini, mionzi yake hupita kwa mshazari kwenye hewa, safari inakuwa ndefu, na ozoni inaimeza ile tunayoitaka. Kanuni rahisi ni ya kivuli: kivuli chako kikiwa kirefu kuliko wewe, ngozi inatengeneza vitamini D kidogo mno, kikiwa kifupi kuliko wewe, kazi inafanyika vizuri. Basi tarehe 22 Juni nilichomeka fimbo ya mita moja uani, nikachukua futikamba ya fundi, mama akakaa barazani kivulini na saa yake ya mkononi kama refa.

Saa 2 asubuhi kivuli kilikuwa mita nne na nusu. Kilivuka mkeka wa wifi, kikapanda ukuta wa banda la kuku. Saa 3, mita mbili na kidogo. Saa 4, mita moja na sentimita 29. Wifi alikuwa ameshaingia ndani kumlaza mtoto kwa sababu muda wa "jua zuri" ulikuwa umepita. Kivuli kililingana na fimbo saa 4 na dakika 40. Kikaendelea kupungua hadi sentimita 63, na hapo saa ya mama ilisema saa 7 kasoro dakika 12.

Kwamba adhuhuri yetu inafika karibu saa 7 ni jambo ambalo nimeishi nalo miaka 46 bila kuligundua. Saa ya Tanzania imepangwa kwa mstari wa nyuzi 45 mashariki, mstari ambao haupiti hata kwenye ardhi yetu. Mbeya iko kwenye nyuzi 33 na nusu. Jua linatuchelewa kwa dakika 46 hivi, na linafika kwetu zaidi ya dakika 20 baada ya kufika Dar es Salaam. Kwa hiyo hata ushauri wa masaa unaotumwa kutoka pwani, ukipanda milima yetu unakuwa umezeeka njiani. Mwezi Desemba, jua likiwa upande wetu wa kusini, kivuli hulingana na mtu mapema zaidi, kama saa 4 kasoro robo. Juni ni lazima usubiri.

"Kwa hiyo wifi, miezi yote hii nimemwanika mtoto bure?" aliniuliza.

Nikamwambia si bure. Jua la asubuhi linampasha, linampa mwanga, na mama aliyejifungua juzi naye anahitaji kutoka nje ya nyumba. Ila kwa vitamini D, mtoto aliyeachwa pua tu, saa 2 asubuhi ya Juni, hapati cha kuhesabika. Na suluhisho si kumpeleka juani saa 7. Ngozi ya mtoto chini ya miezi sita ni laini mno kwa jua la moja kwa moja la saa hizo. Maziwa ya mama ni chakula bora kuliko vyote, lakini vitamini D ndani yake huwa ni kidogo, na ndiyo sababu madaktari wa watoto katika nchi nyingi wanashauri matone ya yuniti 400 kila siku kwa mtoto anayenyonya. Nilimtuma kliniki akaulize, siyo dukani. Na nilimsisitizia asome chupa: kuna matone ambayo tone moja tu ni 400, na mengine mililita nzima ndiyo 400. Mwaka 2010 mamlaka ya dawa ya Marekani ilitoa tahadhari kwa wazazi kuhusu jambo hilo hilo, kwamba bomba la kudondoshea linaweza kubeba zaidi ya kile mtoto anachohitaji. Baada ya kopo la mama, mimi sasa nasoma hata maandishi ya kwenye kiberiti.

(Na mtoto akiwa na macho ya njano, tafadhali, hilo si suala la kuota jua uani. Mpelekeni hospitali siku hiyo hiyo.)

Baridi yetu inadanganya pande zote mbili. Upande wa kwanza, inatufanya tujifunike hadi kidevuni na kufunga madirisha na jiko la mkaa ndani, kitu ambacho kinaua kwa hewa yake kabla hata matege hayajapata nafasi. Upande wa pili, inatufanya tudhani jua la nyanda za juu ni la upole. Joto unalolisikia na mionzi inayounguza ni vitu viwili tofauti. Kadiri unavyopanda, hewa inakuwa nyepesi, na mionzi huongezeka kwa takriban asilimia 10 kwa kila mita 1,000. Mji wa Mbeya uko mita 1,700 hivi. Uwanda wa Kitulo unapita 2,600. Nimewahi kwenda Kitulo kuangalia maua na wafanyakazi wenzangu, tukatetemeka siku nzima ndani ya makoti, na bosi wetu, mtu mweupe kidogo, akarudi pua na paji la uso vimebabuka. Hakuamini kwamba ameungua na jua siku ambayo alishindwa kushika kikombe kwa baridi.

Kwa ndugu zetu wenye ualbino habari hii inageuka kabisa. Wao hawana ile kinga ya rangi, na jua letu la milimani linawapa saratani ya ngozi wakiwa bado vijana. Usije ukamsogezea kanuni yangu ya kivuli kifupi mtoto mwenye ualbino. Kwake mikono mirefu, kofia pana, kivuli na mafuta ya kujikinga ndiyo mambo ya kila siku; pale hospitali ya KCMC, Moshi, ndiko yalikoanza kutengenezwa mafuta yanayoitwa Kilisun, kwa ajili yao. Ngozi yao ikiguswa na jua kidogo inatengeneza vitamini D haraka kuliko yangu, na kama haitoshi, vidonge vya kiasi vipo.

Kwa mtu mwenye rangi kama yangu, mwenye afya, ninavyofanya sasa ni hivi. Mara tatu au nne kwa wiki, muda wa chakula cha mchana, natembea kutoka ofisini hadi kwa mama ntilie wa mbali badala ya yule wa ghorofa ya chini. Koti naliacha kwenye kiti, mikono wazi hadi juu ya kiwiko. Kwenda na kurudi ni kama nusu saa. Nikirudi sijaungua, wala siongezi muda nikidhani ndio faida. Ngozi ikishatengeneza kiasi fulani, jua lenyewe huanza kuivunja ile iliyozidi. Ndiyo maana hakuna aliyewahi kulewa vitamini D kwa kukaa juani. Mwili una breki kwa jua. Kwa kidonge hauna.

Chakula kinasaidia, ila tusidanganyane. Kiini cha yai kina yuniti 40 hivi, kwa hiyo kufikisha 600 kwa mayai pekee ni mayai 15 kwa siku. Maziwa ya ng'ombe, hata yale matamu ya Rungwe, kwa asili yana vitamini D kidogo sana. Samaki wenye mafuta ndio wanaotajwa kwanza kila mahali, na dagaa wanaoliwa wazima ni mboga ya kutafuta, kalsiamu ikiwa kwenye mifupa yao; usipa wa Ziwa Nyasa wanapanda kutoka Kyela kila siku na sioni kwa nini mtoto wa Mbeya akue bila kuwazoea. Uyoga nao ni wa ajabu. Ukianikwa juani unatengeneza vitamini D kama ngozi inavyofanya. Wale akina mama wanaouza uyoga mkavu barabara ya Iringa walikuwa wanaongeza virutubisho tangu enzi za bibi zao.

Nchi ikiamua inaweza kulimaliza jambo kwa chumvi na mafuta. Wazee wa nyanda hizi wanakumbuka rovu, shingo zilizovimba kijiji kizima, na wanajua lilivyopungua chumvi ilipoanza kutiwa madini joto miaka ya 1990. Mafuta ya kula siku hizi yanaongezwa vitamini A. Vitamini D haijapewa nafasi hiyo kwenye meza zetu, na sidhani ndiyo dharura yetu ya kwanza. Kuna wanaoihitaji kweli: wazee wasiotoka, watu wanaojifunika mwili mzima kwa sababu yoyote ile, wagonjwa wa muda mrefu wodini, vichanga wanaonyonya tu, wafanyakazi wa zamu za usiku. Mchuma chai wa Katumba anayeshinda shambani mikono wazi, huyo mwacheni na kikapu chake.

Kilichonichosha ni kikundi chetu cha ukoo kwenye WhatsApp. Wiki mama akiwa bado kwenye dripu, shemeji yangu mmoja alituma ujumbe uliosambazwa mara nyingi, kwamba vitamini D inatibu presha, sukari, saratani na upweke. Nilimjibu vibaya, nimeshaomba radhi. Lakini nitarudia nilichomwambia, kwa lugha nzuri zaidi. Marekani waliwafuatilia watu wazima 25,871 kwa miaka kadhaa, nusu wakimeza yuniti 2,000 kila siku na nusu wakimeza kidonge kisicho na kitu. Majibu yalitoka 2018: waliomeza vitamini D hawakupata saratani wala mshtuko wa moyo kwa uchache kuliko wenzao. Mwaka 2022 ikaonekana hata mifupa haikuvunjika kwa uchache. Wengi wao hawakuwa na upungufu tangu mwanzo, na hapo ndipo penye somo la kiuhasibu: kujaza ndoo iliyojaa ni kumwaga maji sakafuni. Mama ndoo yake ilikuwa na nafasi. Alihitaji vidonge vinane.

Vipimo vyake vilishuka taratibu. Julai bado juu. Septemba afadhali. Novemba daktari yule kijana akampigia mwenyewe simu, akamwambia, mama, sasa rudi kwenye maisha yako, jua kidogo, na hicho kidonge kidogo cha yuniti 800 nitakachokuandikia. Mama akamjibu ndaga fijo, asante sana kwa Kinyakyusa, kisha akaniomba nimwandikie kwenye kopo kwa maneno, siyo namba. Niliandika kwa kalamu ya wino mzito: KIMOJA KILA SIKU. MUULIZE MWANAO KABLA YA KINGINE. Mapaja hayajawa ya msichana, lakini kwenye kigoda anainuka bila kushika ukuta.

Desemba nilikwenda kula naye sikukuu. Nilimkuta nje, siku moja ya jua katika wiki ya mvua, sweta limetundikwa kwenye mgomba, kanga imefungwa kifuani, mikono yake myembamba wazi hadi mabegani. Mbele yake alikuwa amechomeka fimbo ya muhogo. Jirani alikuwa amesimama pembeni akiitazama ile fimbo kwa mashaka, na mama hakuona haja ya kumweleza.

"Afadhali umefika," akaniambia. "Kule kwako mwezi wa sita kivuli cha mchana kilikuwa kinalala kuelekea huku Tukuyu. Nilikuwa nakiangalia kila siku nikawa nasema kinanionyesha nyumbani. Sasa leo nimekiangalia, kimegeukia Mbeya. Nani amekigeuza?"

Nikamweleza kwamba Juni jua hupita kaskazini mwetu na Desemba hupita kusini, kwa hiyo kivuli hubadilisha upande. Akasikiliza hadi mwisho. Kisha akashika fimbo ya kutembelea, akaelekeza kwenye kivuli cha muhogo, ambacho kilikuwa hakifiki hata nusu ya fimbo yenyewe.

"Nimekaa vya kutosha. Nisogezee kigoda chini ya mgomba, na hilo sweta nipe."